Lamine Guèye: Aliwapatia uraia, kura zao zikamwangusha

Ijumaa hii tunamkumbuka Lamine Guèye, mwanasheria Mwislamu wa Senegal ambaye jina lake halisikiki sana huku kwetu, ilhali Dakar limepewa barabara kubwa.

Alizaliwa mwaka 1891 huko Médine, katika nchi ambayo leo ni Mali, kwa wazazi wenye asili ya Saint-Louis. Asili hiyo haikuwa jambo dogo. Zama hizo ni wenyeji wa miji minne tu, Saint-Louis, Dakar, Rufisque na Gorée, waliomchagua mbunge wa kwenda Paris. Tena Waislamu wa miji hiyo walipiga kura huku ndoa, talaka na mirathi zao zikiamuliwa kwa sheria ya Kiislamu. Maafisa wengi wa kikoloni walishikilia kwamba mambo hayo mawili hayakai pamoja: anayetaka uraia wa Ufaransa aiache sharia nyumbani kwake. Guèye aliichagua hoja hiyo hiyo kwa shahada yake ya udaktari wa sheria, aliyoipata Paris mwaka 1921.

Aligombea ubunge mwaka 1934 akashindwa na Galandou Diouf. Akarudia mwaka 1936, akashindwa tena na mtu yule yule. Hakuchoka. Mwaka 1945 alishinda, akawa pia meya wa Dakar, na mgombea mwenzake alikuwa mwalimu kijana Mkatoliki aliyemwingiza mwenyewe katika siasa, Léopold Sédar Senghor.

Tarehe 7 Mei 1946 ilipitishwa sheria inayoitwa kwa jina lake hadi leo. Watu wote wa makoloni ya Ufaransa wakawa raia, na Katiba ya mwaka huo ikamwachia kila mmoja hukumu za dini yake katika mambo ya familia, mpaka azikane mwenyewe. Kwa mamilioni ya Waislamu wa Afrika Magharibi hilo halikuwa jambo la makaratasi.

Lakini raia wapya walikuwa wakulima wa karanga vijijini, na Guèye alibaki mtu wa mjini. Senghor alijitenga naye mwaka 1948, akazunguka vijiji, akaketi na masheikh wa tarika. Haki ya kura ilipopanuliwa, uchaguzi wa Juni 1951 ukampokonya Guèye kiti chake. Nchi yenye Waislamu wengi ilimchagua Mkatoliki badala ya Mwislamu aliyewapatia uraia, nasi hatuoni kwamba wanavijiji walikosea: walimchagua aliyewafuata.

Wawili hao walipatana mwaka 1958, na Senegal ilipopata uhuru Guèye akawa Spika. Mwezi Desemba 1962, askari walipolizingira Bunge katika mgogoro wa Rais Senghor na Waziri Mkuu Mamadou Dia, wabunge walikwenda kupiga kura yao nyumbani kwa mzee huyo. Alifariki Juni 1968, akiwa bado Spika.