Henrik Sjögren, daktari aliyepewa alama ndogo
Henrik Sjögren alizaliwa mwaka 1899 katika mji wa Köping, nchini Uswidi, akawa daktari wa macho. Mwaka 1930 alimpokea mwanamke mwenye macho makavu, kinywa kikavu na maumivu ya viungo, yote kwa pamoja. Mwingine angetibu macho tu na kumruhusu aende. Yeye alianza kutafuta wagonjwa wa namna hiyo.

Mwaka 1933 aliwasilisha tasnifu, kwa Kijerumani, kuhusu wanawake 19. 13 kati yao walikuwa na baridi yabisi. Alidai kuwa ugonjwa huo ni wa mwili mzima. Watahini walimpa alama ndogo, njia ya kufundisha chuo kikuu ikafungwa. Aliyerudi nyumbani na cheti kisichotambuliwa anaijua hali hiyo.

Sjögren alikwenda kufanya kazi hospitalini Jönköping, akaendelea na utafiti. Mwaka 1943 Bruce Hamilton, daktari wa Australia, aliitafsiri tasnifu ile kwa Kiingereza, na jina la Sjögren likaenea. Leo inafahamika kwamba kinga ya mwili yenyewe ndiyo hushambulia tezi za machozi na mate. Dawa ya kuuponya bado haijapatikana.

Mwaka 1961 serikali ya Uswidi ilimpa cheo cha profesa. Alifariki mwaka 1986.