Rolf Widerøe: Maabara, Vita na Gereza

Mgonjwa wa saratani akitoka hapa Bukundi, wilayani Meatu, safari yake ni ndefu: Bugando kule Mwanza, na wengine hufika hadi Ocean Road, Dar es Salaam. Pale Ocean Road kuna mashine inayozipa elektroni kasi kubwa ili zitoe mionzi ya kuua seli za saratani. Kanuni iliyo ndani yake ilithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1927 na kijana wa miaka 25, Rolf Widerøe. Ndiye tunayesimulia maisha yake leo.

Alizaliwa Norwei tarehe 11 Julai 1902, katika mji ambao leo unaitwa Oslo. Akasomea uhandisi wa umeme Ujerumani, kwanza Karlsruhe, kisha Aachen. Huko Aachen alijaribu kujenga mashine ya kuzungusha elektroni katika bomba la duara. Ikamshinda, kwa sababu elektroni zilipotea njiani. Ili asikose shahada yake ya udaktari, akageukia wazo la Gustaf Ising wa Sweden.

Shida ya wakati ule ilikuwa hii: kuipa chembe kasi kubwa kulihitaji volti nyingi mno, na umeme wa namna hiyo hutoa cheche na kuharibu vyombo. Widerøe akafanya kama mtu anayesukuma bembea ya mtoto. Hahitaji msukumo mmoja wa nguvu nyingi. Misukumo midogo inatosha, mradi kila mmoja uje kwa wakati wake. Katika bomba la sentimita 88 alitumia volti 25,000 mara mbili, na ioni zikatoka kana kwamba zimepita kwenye volti 50,000. Ni kidogo, lakini anayeweza mara mbili ataweza mara mia.

Makala yake ilichapishwa 1928. Ernest Lawrence wa California aliikuta maktabani. Kijerumani chake kilikuwa haba, hivyo akaangalia zaidi michoro na hesabu. Kwa hiyo michoro akabuni saiklotroni, iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1939. Widerøe hakuipata kamwe. Miaka hiyo alikuwa mhandisi wa kampuni, akishughulikia vifaa vya kulinda njia za umeme.

Kuanzia hapa habari zake ni nzito. Ujerumani iliivamia Norwei mwaka 1940, na mwaka uliofuata mdogo wake Viggo, rubani, akakamatwa kwa kushiriki upinzani. Mwaka 1943 Wajerumani walimtaka Rolf aende Hamburg kujenga betatroni, ile mashine ya duara iliyomshinda Aachen. Fedha zilitoka jeshi la anga. Akakubali, akitumaini kumsaidia ndugu yake. Mashine ilifanya kazi mwaka 1944, lakini Viggo alibaki kifungoni hadi 1945.

Tumsemeje mtu huyu? Wanaosoma maadili hapa seminarini wanajua kwamba nia njema haitakasi kila tendo. Lakini wanajua pia kwamba ni rahisi kumhukumu mtu ambaye ndugu yake yuko gerezani wakati wa kwako yuko nyumbani.

Msaidizi wake Hamburg alikuwa Bruno Touschek, kijana wa Vienna ambaye mama yake alikuwa Myahudi. Mwanzoni mwa 1945 polisi wa siri walimkamata. Widerøe hakumkana. Alimtembelea gerezani, na wakaendelea kujadili fizikia humo humo. Baadaye, wafungwa wakitembezwa kwa miguu kuelekea kambi ya Kiel, Touschek alianguka kwa homa. Askari akampiga risasi, akaachwa akidhaniwa amekufa. Akapona.

Vita ilipokwisha, Widerøe alikamatwa Norwei kama msaliti. Tume haikuona ukweli katika uvumi kwamba alitengeneza makombora. Hata hivyo alitozwa faini. Mwaka 1946 akahamia Uswisi, na katika kampuni ya Brown Boveri akajenga betatroni za hospitali, za kutibu saratani. Alifariki tarehe 11 Oktoba 1996.

Wakati wa vita alikuwa pia amebuni njia ya kugonganisha chembe zinazotoka pande mbili. Alipomweleza Touschek, kijana huyo hakuvutiwa sana. Lakini mwaka 1961, huko Frascati karibu na Roma, ni Touschek aliyeongoza ujenzi wa mashine ya kwanza iliyohifadhi elektroni na positroni katika duara moja ili zigongane.