Kitereza wa Ukerewe

Wafanyakazi wa Mkolani wateremkao mjini Mwanza kila asubuhi huenda katika mji ambao zamani Aniceti Kitereza alikuwa mmoja wa makarani wake. Twaona ni haki maisha yake yakumbukwe, maana yana fundisho kwetu sote.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe. Alisoma kwa mapadre wa Kagunguli, kisha katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, ambako alijifunza Kilatini na Kijerumani. Hakuwa padre. Alioa, akafanya ukarani kwa wafanyabiashara wa Mwanza, na baadaye akarudi kwao kuwatumikia mapadre kwa kufasiri maandiko ya dini katika Kikerewe.

Aliona mila za wazee zapotea na vijana hawazijui. Basi akaandika kitabu kikubwa cha hadithi kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945. Ni habari za Myombekere na mkewe Bugonoka, waliokaa muda mrefu bila mtoto, wakasemwa na jamaa, hata mke akarudishwa kwao. Wengine wangalioa mke mwingine wakasahau. Myombekere alimfuata mkewe ukweni. Mwandishi aliujua uchungu huo, kwani yeye na mkewe Anna hawakubakiwa na mtoto.

Kitabu hakikupata mchapaji, kwa sababu wasomaji wa Kikerewe ni wachache. Kitereza hakukata tamaa. Katika uzee wake, na viungo vinamwuma, aliketi akakifasiri chote kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikichapa miaka 35 hivi baada ya kuandikwa. Vitabu vilipowasili mwaka 1981, mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Tangu hapo kimefasiriwa kwa Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 2002 kwa Kiingereza, kazi ya Gabriel Ruhumbika, mwana wa kisiwa hicho hicho.

Twajivuna kwamba Kiswahili ndicho kilichokiokoa kitabu hiki. Lakini hatuwezi kujivunia kungoja kule. Jasho la karani huyu lilistahili ujira angali hai. Wako wazee wengine kandokando ya Ziwa ambao daftari zao zimo masandukuni. Shime, ndugu, tuwaendee leo, wangali wanaweza kutufungulia wenyewe.