Mgaya wa Nyang'ombe, Mama wa Butiama

Loisi anatajwa mara moja tu katika Biblia, katika waraka wa pili kwa Timotheo, na hata hapo anatajwa kwa ajili ya mjukuu wake. Haisemwi alizaliwa wapi, alilima nini, wala alizika watoto wangapi. Mgaya wa Nyang'ombe amepewa nafasi kama hiyo katika vitabu vingi vya historia ya Tanzania: mstari mmoja unaosema alikuwa mke wa tano wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, na mama yake Mwalimu Julius Nyerere. Kisha habari inahamia kwa mwana. Lakini mama huyu aliishi miaka ipatayo 105, na miaka hiyo ilikuwa yake mwenyewe kabla haijawa ya mtu mwingine.

Inakadiriwa kwamba alizaliwa mwaka 1892, nchi ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1907, akiwa na miaka 15 hivi, aliolewa na Burito, mtu aliyemzidi zaidi ya miaka 30. Burito aliwekwa kuwa chifu mwaka 1915, na katika maisha yake alioa wake 22. Nyumba za wake zililizunguka zizi la ng'ombe, na nyumba ya mume ilikuwa katikati. Katika mji wa namna hiyo mtoto hushiba kwa jembe la mama yake. Mgaya alizaa watoto wanane, wa kiume wanne na wa kike wanne; wawili wakafa wangali wachanga. Mmoja wao alizaliwa Aprili 1922 siku ya mvua, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua.

Mwaka 1934 kijana huyo, mwenye umri wa miaka 12, alipelekwa kusoma Mwisenge, Musoma, karibu kilomita 40 kutoka nyumbani. Hana alipomwacha Samweli Shilo, aliweza kumpelekea kanzu ndogo kila mwaka. Safari za mwana wa Mgaya zilizidi kurefuka: Tabora mwaka 1937, Makerere mwaka 1943, na hatimaye Edinburgh, ng'ambo, mwaka 1949. Yeye mwenyewe hakupata shule. Mwaka 1942, mwana akiwa Tabora, Chifu Burito alifariki. Mgaya alibaki mjane mwenye miaka 50, na hakuna aliyejua kwamba zaidi ya nusu karne ilikuwa bado mbele yake.

Mwana aliporudi kutoka Edinburgh akawa mwalimu Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, mama akaonja faraja. Mshahara ulikuwapo, na kazi ilikuwa ya heshima. Ndipo akaanza kumwona mgeni aliyekuja mara kwa mara, Dossa Aziz, akikaa na mwanawe kwa mazungumzo marefu. Siku moja Mgaya aliyasikia maneno yao: walikuwa wakizungumza jinsi ya kuichukua serikali kutoka kwa Wazungu. Akaingiwa na hofu. Baadaye alimwuliza mwanawe kama alichosikia ni kweli. Alipoambiwa ni kweli, hofu ikazidi. Alimwambia waziwazi kwamba jambo hilo ni baya, kwamba Mungu amempa kazi nzuri naye anataka kuiharibu. Mwana alimjibu kwa upole kwamba faida ya kazi hiyo haitakuwa ya nyumba yao tu, bali ya watu wote wa nchi.

Habari za mama wa watu mashuhuri kwa kawaida husema mama aliona yote tangu mwanzo. Mgaya hakuona, na hakujifanya ameona. Alikuwa amekua chini ya Wajerumani, akawaona Waingereza wakija baada yao, na machifu, mumewe akiwamo, wakitawala kwa idhini ya wageni hao. Alijua serikali ni kitu cha kuogopwa. Wala hofu yake haikuwa ya bure. TANU iliundwa Julai 7, 1954. Machi 1955 mwanawe aliacha kazi ya Pugu ili aendelee na siasa, akarudi kwao bila mshahara. Kwa miezi kadhaa alijipatia riziki kwa kumfundisha Kizanaki padri mmoja wa Maryknoll. Mwaka 1958 alishitakiwa kwa maandishi yaliyowakashifu maofisa wa serikali, akatozwa faini ya shilingi 3,000, la sivyo angefungwa. Kazi nzuri ilikuwa imeharibika kweli, kama mama alivyosema.

Naye hakumkataa mwanawe. Uhuru ulipokuja Desemba 9, 1961, Mgaya alikuwa na miaka 69. Aliyekuwa mke wa tano katika mji wa chifu sasa alikuwa mama wa Waziri Mkuu, na mwaka mmoja baadaye mama wa Rais. Alibatizwa, akaitwa Christina. Kwa Julius peke yake alipata wajukuu wanane, na wa kwanza, Andrew, alipewa pia jina la Burito.

Novemba 1985 mwana aliacha urais, akarudi Butiama kulima. Mama yake alikuwa bado hai, na miaka 93. Tangu mtoto yule aondoke kwenda Mwisenge ilikuwa imepita miaka 51.

Mgaya alifariki mwaka 1997, akalala Mwitongo, katika mji ule ule wa Burito. Mwanawe alifariki London Oktoba 14, 1999, naye akarudishwa nyumbani kuzikwa Mwitongo.