Alexander Fleming

Sir Alexander Fleming (6 Agosti 1881 – 11 Machi 1955) alikuwa tabibu na mtaalamu wa bakteria kutoka Uskoti. Anajulikana hasa kwa kugundua penisilini mwaka 1928. Mwaka 1945 alipokea Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Howard Florey na Ernst Chain. Alikuwa pia kati ya watu wa kwanza kuonya hadharani kwamba penisilini ikitumiwa vibaya itazaa bakteria sugu. Onyo hilo linahusu sana wodi za watoto wachanga mahututi, ambako antibiotiki huokoa maisha lakini pia hutolewa mara nyingi kwa watoto wasiozihitaji.

Utoto na elimu

Fleming alizaliwa katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, Uskoti. Baba yake, Hugh Fleming, alikuwa mkulima. Mama yake, Grace Stirling Morton, alikuwa mke wa pili wa Hugh. Baba alifariki Alexander akiwa na umri wa miaka 7.

Alisoma katika shule za kwao na baadaye Kilmarnock, kisha akahamia London alikokuwa kaka yake Tom, aliyekuwa tabibu. Kwa miaka minne alifanya kazi ya ukarani katika kampuni ya meli. Alipofikia umri wa miaka 20 alirithi fedha kutoka kwa mjomba wake, naye Tom akamshauri asomee udaktari. Mwaka 1903 alijiunga na chuo cha tiba cha Hospitali ya St Mary's, mtaa wa Paddington, akahitimu mwaka 1906 kwa alama za juu. Alibaki hapohapo katika idara ya utafiti chini ya Almroth Wright, bingwa wa chanjo.

Vita na majeraha

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Fleming alihudumu kama kapteni katika kikosi cha matabibu cha jeshi la Uingereza. Alifanya kazi katika maabara iliyokuwa Boulogne, Ufaransa, akaona askari wengi wakifa kwa majeraha yaliyooza.

Wakati huo madaktari walimwagia majeraha dawa kali za kuua vijidudu. Fleming alionyesha kwamba katika majeraha ya kina dawa hizo zilileta hasara kuliko faida. Hazikufika kwenye mianya ambamo bakteria hujificha, lakini ziliua chembe nyeupe za damu ambazo ndizo askari wa mwili. Wright alimuunga mkono, ila madaktari wengi waliendelea na desturi yao.

Lisozimu

Baada ya vita alirudi St Mary's. Mwaka 1922 alitangaza ugunduzi wa lisozimu, kimeng'enya kilichomo katika machozi, mate, kamasi na ute wa yai. Lisozimu huyeyusha aina fulani za bakteria bila kudhuru mwili. Haikufaa kama dawa kwa sababu ina nguvu ndogo dhidi ya bakteria wanaoleta magonjwa makubwa. Hata hivyo ilimzoesha kutazama kwa makini sehemu ambapo bakteria wamekufa.

Ugunduzi wa penisilini

Mnamo Septemba 1928 Fleming alirudi maabara kutoka likizo. Alikuwa ameacha visahani vya kuoteshea bakteria aina ya stafilokoki. Kimoja kilikuwa kimeota ukungu, na kandokando ya ukungu huo bakteria walikuwa wameyeyuka. Aliuotesha ukungu peke yake, akakuta kwamba maji yake yaliua aina nyingi za bakteria hata yakizimuliwa sana, na hayakudhuru chembe nyeupe za damu. Ukungu huo ulikuwa wa jenasi Penicillium, kwa hiyo akaita dutu hiyo penisilini.

Alichapisha matokeo yake mwaka 1929, lakini watu wachache waliyajali. Fleming hakuwa mkemia. Yeye na wasaidizi wake walishindwa kuisafisha penisilini, kwa sababu iliharibika haraka. Kwa miaka iliyofuata aliitumia hasa maabara, ili kuzuia bakteria fulani wasiote pale alipotaka kupata wengine.

Watoto wachanga wa Sheffield

Mwaka 1930 Cecil Paine, tabibu aliyewahi kusoma St Mary's, alipata ukungu wa Fleming na kutengeneza maji ya penisilini katika hospitali ya mji wa Sheffield, Uingereza. Aliyajaribu kwanza kwa wagonjwa wa ngozi bila mafanikio. Kisha akayatia machoni mwa watoto wachanga walioambukizwa macho wakati wa kuzaliwa. Ugonjwa huo, ambao mara nyingi hutokana na kisonono cha mama, uliweza kumpofusha mtoto. Matibabu yalifaulu.

Paine hakuchapisha matokeo hayo, ila alimweleza Howard Florey, ambaye baadaye alikuwa profesa Sheffield. Hivyo kati ya watu wa kwanza kabisa kuponywa kwa penisilini walikuwamo watoto wachanga.

Kutoka maabara hadi hospitali

Mwishoni mwa miaka ya 1930 Florey na Ernst Chain, wakiwa Chuo Kikuu cha Oxford, walianza kuichunguza penisilini upya. Wakisaidiwa na Norman Heatley waliweza kuisafisha. Mwaka 1940 waliponya panya walioambukizwa bakteria hatari. Mwaka 1941 walimtibu askari polisi aliyekuwa mahututi. Alianza kupata nafuu, lakini dawa ikaisha, ingawa walikusanya hata ile iliyotoka katika mkojo wake ili kumpa tena. Alifariki.

Mwaka 1942 Fleming mwenyewe alimtibu mtu mwenye maambukizi ya utando wa ubongo kwa penisilini aliyopewa na Florey. Mgonjwa alipona, na habari hiyo ilisaidia kuishawishi serikali ya Uingereza iunge mkono utengenezaji wa dawa. Viwanda vya Marekani na Uingereza vikaizalisha kwa wingi, na kufikia mwaka 1944 ilipatikana kwa askari wengi wa Nchi za Ushirika.

Onyo kuhusu bakteria sugu

Katika hotuba yake ya Nobel, mnamo Desemba 1945, Fleming alieleza kwamba ni rahisi kuzalisha bakteria sugu maabara kwa kuwapa penisilini kidogo isiyotosha kuwaua. Aliona kwamba jambo lilelile linaweza kutokea mwilini, hasa siku ambayo kila mtu ataweza kujinunulia dawa dukani. Alitoa mfano wa kubuni wa mtu anayemeza dozi pungufu kwa koo linalouma, kisha anamwambukiza mke wake bakteria waliokwisha kuwa sugu, naye mke anakufa kwa nimonia.

Dalili zilikuwa zimeonekana tayari. Mwaka 1940 Edward Abraham na Chain walieleza kimeng'enya cha bakteria kinachovunja penisilini. Kufikia mwaka 1948 utafiti wa Mary Barber katika hospitali moja ya London ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya stafilokoki waliopatikana kwa wagonjwa walikuwa sugu. Mwaka 1947 sheria ya Uingereza iliamuru penisilini itolewe kwa cheti cha daktari tu.

Fleming aliogopa hasa dozi ndogo mno. Leo inajulikana kwamba matumizi yasiyo ya lazima, hata kwa dozi kamili, nayo yanaleta usugu. Dawa huua bakteria dhaifu wa kawaida mwilini na kuwaachia nafasi wale sugu, ambao huongezeka na kuenea kwa wagonjwa wengine.

Antibiotiki kwa watoto wachanga

Katika miaka ya 1950 stafilokoki sugu walisambaa katika wodi za wazazi na watoto wachanga za nchi mbalimbali, Australia ikiwa kati ya za kwanza. Wakati huohuo madaktari wengi waliwapa watoto njiti antibiotiki za kinga, wakidhani kwamba hata zisiposaidia hazitadhuru.

Mwaka 1956 William Silverman na wenzake wa New York, Marekani, walichapisha jaribio lililolinganisha taratibu mbili za kinga hiyo. Watoto njiti waliopewa penisilini pamoja na dawa ya salfa walikufa wengi zaidi kuliko wenzao waliopewa oksitetrasaiklini, na wengi wao walikuwa na madhara ya ubongo yatokanayo na manjano. Baadaye ilieleweka kwamba salfa ndiyo iliyosababisha manjano kufika katika ubongo. Mwaka 1959 ikajulikana pia kwamba kloramfenikoli inaweza kuua watoto wachanga, kwa sababu ini lao changa haliwezi kuiondoa mwilini.

Tatizo la wodi hizo ni gumu. Mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu anaweza kufa katika muda wa saa chache, na dalili zake hazieleweki kwa urahisi: kukataa kunyonya, kupumua kwa shida, joto kupanda au kushuka. Dalili hizohizo hutokea kwa sababu ya unjiti tu. Kwa hiyo daktari huanza dawa mapema, kwa kawaida ampisilini au penisilini pamoja na jentamisini. Kosa hutokea pale ambapo dawa inaendelea kwa siku nyingi bila sababu. Tafiti zimehusisha matumizi marefu ya namna hiyo kwa watoto njiti na ugonjwa wa kuoza kwa utumbo, maambukizi ya baadaye na vifo.

Njia zinazotumika kupunguza matumizi ni hizi:

- kuotesha damu ya mtoto maabara kabla ya dozi ya kwanza;
- kusimamisha dawa baada ya saa 36 hadi 48 ikiwa hakuna bakteria walioota na mtoto anaendelea vizuri;
- kuchagua dawa inayolenga bakteria aliyepatikana badala ya dawa kali ya kuua aina nyingi;
- kupima hatari ya kila mtoto na kumwangalia kwa karibu, badala ya kuwapa dawa wote;
- kunawa mikono, usafi wa vifaa na maziwa ya mama, ili maambukizi yenyewe yapungue.

Njia ya kwanza na ya pili zinahitaji maabara inayofanya kazi, jambo ambalo hospitali nyingi hazina. Kati ya miaka 2018 na 2020 utafiti mmoja ulifuatilia watoto wachanga zaidi ya 3,000 wenye dalili za maambukizi katika nchi 11, zikiwemo Kenya na Uganda. Bakteria aliyepatikana zaidi alikuwa Klebsiella pneumoniae, ambaye mara nyingi ni sugu kwa dawa za kawaida. Kwa watoto hao, onyo la Fleming limekwisha kutimia.

Maisha binafsi na kifo

Mwaka 1915 Fleming alimwoa Sarah McElroy, muuguzi kutoka Eire. Mtoto wao wa pekee, Robert, aliyezaliwa mwaka 1924, alikuwa daktari pia. Sarah alifariki mwaka 1949. Mwaka 1953 Fleming alimwoa Amalia Koutsouri-Vourekas, mtafiti kutoka Ugiriki aliyefanya kazi naye.

Alifariki nyumbani kwake London kwa ugonjwa wa moyo. Majivu yake yamewekwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo.

Heshima na urithi

Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1943 na kupewa cheo cha Sir mwaka 1944. Maabara yake ya St Mary's ilifanywa kuwa makumbusho.

Kuna hadithi iliyoenea kwamba baba yake Fleming alimwokoa Winston Churchill utotoni, na familia ya Churchill ikamlipia Alexander ada ya chuo. Hadithi hiyo si ya kweli. Vilevile si sahihi kumpa Fleming sifa zote za penisilini. Yeye aliigundua, lakini Florey, Chain, Heatley na wenzao ndio walioifanya kuwa dawa.