Josquin des Prez, Mtunzi wa Nyimbo za Sauti Nyingi

Waimbaji wetu wa huku Nyakitonto huimba kwa sauti nne, lakini wengi wao hawajapata kusikia habari za mabwana wa kale wa kazi hiyo. Mmoja wao ni Josquin des Prez, ambaye Dr. Martin Luther alimsifu kupita watunzi wengine.

Alizaliwa kati ya miaka 1450 na 1455, pande zile ambazo leo ni mpaka wa Ufaransa na Ubelgiji. Tangu mwaka 1489 alikuwa mwimbaji wa Papa huko Roma.

Katika mwaka 1502 Ercole, mtawala wa Ferrara katika Italia, alitafuta mtunzi wa kuwaongoza waimbaji wake. Mtumishi wake mmoja alimwandikia kumshauri amchukue Heinrich Isaac, mtu mpole kwa wenziwe na mwepesi wa kutunga, aliyetaka dukati 120 tu. Bali Josquin alitaka 200, tena hutunga apendapo mwenyewe, si aagizwapo. Sisi twaona ya kuwa mshauri yule alisema kweli, walakini mtawala alifanya vema kutomfuata.

Josquin akafika Ferrara mwaka 1503. Huko, kwa kuombwa na Ercole, alitunga moteti ya Zaburi ya 51. Moteti ni wimbo mtakatifu wa Kilatini, ambao kila sauti hushika njia yake, nazo zote hupatana. Huu una sauti tano. Nne huendelea na maneno ya toba ya Daudi. Ya tano, nayo ni tenori, haina neno ila ombi la kwanza la zaburi, la kuhurumiwa. Kila ilirudiapo hushuka daraja moja, hata daraja zote nane ziishe. Kisha hupanda vivyo hivyo, halafu hushuka tena, mpaka zitimie mara 21. Na kila mara sauti nyingine huungana nayo katika ombi hilo. Kwa mwenye kufundisha kwaya, sauti hii ni nyepesi kuishika kuliko zote, nayo ndiyo iubebayo wimbo mzima.

Mwaka ule ule tauni iliingia Ferrara. Josquin akaondoka Aprili 1504. Jacob Obrecht, aliyeshika mahali pake, akafa kwa tauni mwaka 1505.

Josquin alirudi kwao, akawa mkuu wa kanisa la Condé hata alipokufa tarehe 27 Agosti 1521, mwaka ambao Luther alisimama mbele ya Kaisari huko Worms. Alikufa akiwa mtu wa Kanisa la Roma. Wako kati yetu waulizao kama yafaa kuimba kazi za watu wa kanisa jingine. Luther alizipenda nyimbo za mtu huyu pasipo kuuliza hivyo.

Aliacha mali ili kila maandamano ya mji yapitapo mbele ya nyumba yake, waimbaji wasimame waimbe Baba Yetu aliyoitunga kwa sauti sita. Kanisa lile, pamoja na kaburi lake, liliharibiwa mwaka 1793, wakati wa mapinduzi ya Ufaransa.