Calvin Coolidge: prezida wa maneno kidogo, mwenye kuchunga feza ya wengine



Kila mara tunapofungua sanduku letu mbele ya wote, ulizo ni lile lile: feza ya wengine inachungwa namna gani? Mara hii tusome maisha ya mutu mumoja mwenye alipewa sanduku kubwa sana, lile la Marekani.

Calvin Coolidge alizaliwa tarehe 4 Julai 1872 ku Plymouth Notch, kijiji kidogo cha milima ya Vermont. Baba yake alikuwa mulimaji, tena mwenye butiki. Mama yake alikufa wakati yeye alikuwa na miaka 12. Alisoma ku Amherst, akakuwa avoka ku muji wa Northampton, jimbo la Massachusetts. Mu 1905 akaoa Grace Goodhue, mwalimu wa watoto viziwi. Alipanda ngazi moja moja: mushauri wa muji, mubunge, meya, na mu 1919 guvernere. Hata na cheo kile, aliendelea kupanga nusu ya nyumba tu, jirani akikaa upande wa pili.

Mwaka ule polisi wa Boston waligoma, maduka yakaporwa. Coolidge alikawia kwanza, kisha akaita askari wa jimbo, na akakatala wagomaji warudishwe ku kazi. Inchi yote ikajua jina lake. Mu 1921 akakuwa makamu wa prezida.

Tarehe 2 Agosti 1923, Prezida Warren Harding akakufa. Coolidge alikuwa kwa baba yake kijijini, mu nyumba yenye haikuwa na umeme wala telefone. Saa nane na dakika 47 za usiku, baba, mwenye alikuwa na ruhusa ya kupokea viapo, akamuapisha mutoto wake kwa mwangaza wa taa ya petroli. Kisha prezida mupya akarudia kulala.

Alikuta jina la serikali limechafuka sababu ya rushwa ya visima vya mafuta. Akaweka avoka wawili wa kufuatilia kesi, mumoja wa kila chama, ili pasikuwe upendeleo.

Ku mambo ya feza, alikaa mara kwa mara na mukubwa wa budjeti, wakipunguza matumizi hata ya vitu vidogo. Deni la serikali, lenye lilipita miliari 22 za dolari, lilishuka mpaka karibu miliari 17 mu 1929. Pamoja na Andrew Mellon, waziri wa feza, akashusha kodi: kiwango cha juu kabisa, chenye sheria ya 1921 iliweka ku 58 kwa mia, kikafika 25 kwa mia mu sheria ya 1926. Watu wengi wa mapato kidogo hawakulipa tena kodi ile.

Lakini tuseme na upande wa pili. Mu 1924 aliweka sahihi ku sheria yenye ilifungia wageni wengi mulango wa Marekani. Mara mbili alikatala sheria ya kusaidia walimaji wenye bei ya mazao iliwaangusha. Na mu 1927 muto Mississippi ulifurika, watu zaidi ya laki 6 wakakimbia makao yao. Alituma waziri Herbert Hoover, na Musalaba Mwekundu ukafanya kazi kubwa, lakini yeye mwenyewe hakuenda kuwaona, hata kama waguvernere walimuomba.

Siye wenye tulishakimbia na kurudia, hapa ndipo roho inashituka. Kwa kazi yangu nimeona raporo zenye hesabu safi kabisa, na kando yake familia zenye bado zinalala chini ya shitingi. Hesabu safi ni lazima. Lakini haitoshi kama mwenye kuchunga sanduku hafiki kwa wenye shida.

Coolidge alikatala kugombea tena mu 1928, akarudia Northampton ku ile nusu ya nyumba. Mu Oktoba 1929 soko la hisa likaanguka, na watu wanabishana mpaka leo kama siasa yake ilichangia. Alikufa tarehe 5 Januari 1933.

Tuchukue kwake ule uchungaji, tuongeze miguu ya kwenda kuona. Memba mwenye ana ulizo juu ya sanduku, alilete ku mukutano: hesabu ni yetu wote.